Mkufunzi bora wa kompyuta kwa watu wazima: tumpime kwa kipimo gani?

Mratibu wa Jioni (Nzuguni, Dodoma)

Habari za jioni ndugu zangu. Ninaratibu madarasa ya jioni katika kituo kidogo cha mafunzo hapa Nzuguni, ambako tunafundisha matumizi ya kompyuta, ufundi wa mitandao na matengenezo ya simu. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, wanaokuja kwetu wamebadilika sana. Zamani tulikuwa na vijana waliomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Siku hizi viti vya mbele vimekaliwa na watu wa miaka arobaini na hamsini, yaani makarani, wauguzi, maofisa ugavi wanaotakiwa kuendesha zabuni kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza mwaka 2023, na hata mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye anataka kuhamisha madeni ya wateja wake kutoka kwenye daftari.

Bodi yetu imeamua kwamba Mei Mosi ijayo tumtuze mkufunzi mmoja, na mimi nimekabidhiwa kazi ya kupendekeza namna ya kumpata. Mwaka jana tulitumia dodoso la siku ya mwisho ya kozi. Aliyeongoza ni kijana mchangamfu ambaye slaidi zake zinapendeza na darasa lake husikika likicheka hadi barabarani. Tulimpa cheti na bahasha, na nadhani hakuna aliyenung'unika. Lakini miezi miwili baadaye niliona wanafunzi wake wakirudi mmoja mmoja jioni, wakiomba "kukumbushwa kidogo" mambo yale yale waliyokuwa wamefundishwa.

Wakati huohuo tunaye mkufunzi mwingine, dada mmoja mpole, ambaye dodoso lilimweka mkiani. Wanafunzi kadhaa waliandika kwamba anawaacha wahangaike wakati jibu analijua. Wa kwake hawarudi kukumbushwa. Tatizo langu ni kwamba sijui kama hawarudi kwa sababu wameelewa au kwa sababu wamemchoka.

Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliowahi kufundisha watu wazima au kufundishwa mkiwa watu wazima. Nitazame nini?

---

Karani wa Masjala (Mtumba)

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Ndugu Mratibu, naomba nikujibu kama mwanafunzi, kwa kuwa nilianza kompyuta nikiwa na miaka 47, baada ya kuzunguka kwenye majalada ya karatasi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nimepita mikononi mwa walimu wawili. Wa kwanza alikuwa mwezeshaji wa semina ya siku mbili iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli. Kila nilipokwama alikuja, akasema "mbona ni rahisi tu, mama", akachukua kipanya kutoka mkononi mwangu, akabonyeza mara nne na kuondoka kwenda kwa mwingine. Skrini yangu ilikuwa sawa na za wenzangu, ila mimi nilibaki palepale. Fomu ya tathmini tuliletewa pamoja na karatasi ya kusaini posho, nami nikaweka alama ya "vizuri sana" kuanzia juu hadi chini. Kwani nani atamnyima kijana wa watu alama wakati foleni ya posho imefika mlangoni?

Wa pili alikuwa mwalimu wa darasa la jioni, binti ambaye nadhani hakuwa amefika miaka thelathini. Alikuwa anatuamkia wote mlangoni kabla ya kuanza, na mikono yake ilikuwa nyuma. Namaanisha hivyo hasa: akija kwenye meza yako, mikono anaifungia nyuma, mara nyingi akiwa ameshika kitambaa cha kufutia ubao, na kuna siku nilimwona amekikaza kana kwamba vidole vyake vilitaka kumtoroka vikamate kipanya changu. Hakukigusa hata mara moja katika miezi mitatu.

Nikupe mfano mmoja. Nilikuwa nahifadhi barua, pakatokea kisanduku chenye maandishi, nikakifunga harakaharaka kwa sababu nilidhani nimeharibu. Akaniuliza, "Mama, kompyuta imekuambia nini?" Nikasema sijui. Akaniomba nirudie hatua ile ile, na kisanduku kilipotokea akataka nikisome kwa sauti. Kilisema kwamba faili lenye jina hilo tayari lipo, je nataka kuweka jipya mahali pake? Bado sikuelewa. Ndipo akauliza, "Masjala mkipata majalada mawili yenye namba moja, huwa mnafanyaje?" Nilicheka mwenyewe. Hilo nalijua hata nikiwa usingizini: unaangalia lipi ni hai, jingine unalipa namba yake, na hulitupi kabla ya kujua limebeba nini. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga kisanduku chochote bila kukisoma.

Baadaye ofisini kwetu mfumo ulibadilishwa mwonekano mwishoni mwa wiki bila taarifa. Jumatatu wenzangu walifungua madaftari yao yaliyoandikwa "bonyeza kitufe cha kijani juu kulia", na kitufe cha kijani hakikuwepo. Mimi sikuwa na daftari la namna hiyo, kwa maana yule binti alitukataza kuandika rangi na mahali, akitutaka tuandike kazi ya kitufe. Nilitafuta neno, nikalipata chini kushoto. Asubuhi ile niliwafundisha watu wanne, mmoja wao akiwa mkuu wangu wa kazi.

Ungeniuliza siku ya mwisho ya kozi, pengine na mimi ningeandika kwamba anatuacha tuhangaike. Kusema kweli kuna jioni nilitoka darasani nimekasirika.

---

Mhadhiri wa Kikuyu (Dodoma)

Ndugu Mratibu, ushuhuda wa Karani unafanana na mambo ambayo watafiti wameyakuta kwingine, na kuna mawili ninayopenda kuyataja kwa sababu yanahusu dodoso moja kwa moja.

La kwanza ni la Marekani. Mwaka 1970 watafiti walimchukua mwigizaji wa kulipwa, wakampa jina la kubuni la Dokta Fox, wakamtambulisha kama mtaalamu wa kutumia hisabati ya nadharia ya michezo katika elimu ya madaktari. Alitoa mhadhara uliojaa maneno yenye kujipinga, mifano isiyo na kichwa wala miguu na mizaha mingi, kwa uchangamfu mkubwa. Mhadhara huo, ana kwa ana na baadaye kwa mkanda wa video, ulifikia makundi matatu yenye jumla ya watu 55, na hao hawakuwa watoto: walikuwamo madaktari wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia, maofisa ustawi wa jamii na viongozi wa elimu. Kwa sehemu kubwa walimpa alama nzuri, na hakuna aliyegundua kwamba amesikiliza upuuzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Kila ninaposoma madodoso ya semina zetu namkumbuka bwana huyo.

La pili ni zito zaidi. Katika chuo cha jeshi la anga la Marekani kilichopo Colorado, wanafunzi hupangiwa walimu kwa bahati nasibu na hufanya mtihani mmoja, jambo ambalo ni adimu sana na linarahisisha kulinganisha. Wachumi wawili, Scott Carrell na James West, walifuatilia zaidi ya wanafunzi 10,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waligundua kwamba walimu ambao wanafunzi wao walifanya vizuri katika somo la hisabati la mwanzo walipewa alama za juu katika tathmini, lakini wanafunzi haohao walielekea kufanya vibaya zaidi katika masomo ya juu yaliyojengwa juu ya lile la kwanza. Walimu wengine, ambao hawakupendwa sana wakati ule, walikuwa wameacha msingi uliodumu.

Sasa niweke tahadhari, kwa kuwa naona mjadala unaweza kuteleza. Haifuati kwamba mwalimu anayelalamikiwa ndiye bora. Wapo wanaochukiwa kwa haki kabisa, kwa sababu hawaandai somo, au wanawafanya watu wazima wajione wajinga na kuita hali hiyo ukali wa taaluma. Dada yako mpole anaweza kuwa mwalimu wa aina ya Karani, na anaweza pia kuwa mtu aliyekaa kwenye kiti chake akichezea simu huku watu wakihangaika. Dodoso haliwezi kukutofautishia hao wawili. Ukiingia darasani, dakika ishirini zinatosha.

Wala usilitupe dodoso lenyewe. Badilisha maswali na badilisha siku. Badala ya kuuliza kama mtu ameridhika, muulize wiki ya sita baada ya kozi: ni kazi gani ya kompyuta uliyoifanya wiki hii bila kumwita mtu? Umekwama wapi, na ulipokwama ulifanya nini kwanza? Hilo la mwisho kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa maana katika fani hizi kile ulichofundisha kinazeeka kabla ya cheti kukauka wino.

---

Mzee wa Kongwa

Wanangu, nimesoma kwa makini, na huo mwaka 1973 alioutaja Mhadhiri umenigusa kwa sababu nyingine.

Mwaka huohuo hapa nchini tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka mitatu baadaye ndipo redio ikatumika kufundisha afya nchi nzima. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi mwa kiongozi wa kikundi. Nilikuwa mmoja wa viongozi hao, kijana wa darasa la saba aliyepewa mafunzo ya siku chache na kuambiwa awaongoze watu wa umri wa baba zake.

Mnisikilize namna tulivyopimwa. Hakuna aliyekuja kuuliza kama kipindi kilikuwa kitamu. Waliokuja kufanya tathmini walikwenda nyumbani kwa watu: choo kipo au hakipo, kina mfuniko au hakina, maji yanachemshwa au hayachemshwi, vichaka vimefyekwa au vimeachwa. Nchi nzima vilichimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu. Mzee mmoja wa kikundi changu alisinzia karibu kila kipindi, nami nilimhesabu kuwa hasara. Wakaguzi walipokwenda kwake walikuta shimo limechimbwa hadi kiunoni kwenye udongo mgumu wa kwetu huku, ambao wenyeji mnaujua. Na yule mchangiaji wangu hodari, aliyejibu kila swali, alikuwa bado anakwenda porini.

Kwa hiyo Mratibu, choo cha kompyuta ni kipi? Ukishalijibu swali hilo kwa kila kozi yako, nenda ukakitafute huko aliko mtu, usikitafute darasani kwako.

Nimependa pia habari ya binti kuwaamkia wanafunzi wake. Mtu mzima hukubali kufundishwa na mdogo wake iwapo heshima haijavunjwa mlangoni. Tulilijua hilo bila kusoma kitabu.

---

Fundi Mitandao (Manyoni, Singida)

Nawasalimu wote. Nakubaliana na mengi, ila kuna jambo nalipinga kidogo, na Mzee anisamehe.

Choo kila mtu anaweza kuchimba akiwa na jembe. Kompyuta si hivyo. Nina wanafunzi ambao wakitoka darasani hawagusi mashine nyingine hadi wiki ijayo, kwa kuwa nyumbani hawana na ofisini iko moja, nayo imefungiwa kwa bosi. Ukienda kumkagua mtu huyo baada ya wiki sita utakuta amesahau, kisha lawama atazibeba mkufunzi. Pia aliyepewa darasa la maofisa wanaotumia mfumo kila siku atashinda daima dhidi ya aliyepewa darasa la mama wa dukani. Kabla ya kumpima mkufunzi, andikeni mwanafunzi alianzia wapi na ana nini mkononi. Wapo wanaoanza kwa kutojua kushika kipanya, na kumfikisha mtu huyo kwenye barua pepe yake mwenyewe ni safari ndefu kuliko kumtoa fundi simu kwenye kubadilisha kioo hadi kusoma mchoro wa saketi.

Ninachofanya mimi, na pengine kingekufaa, ni kuwapa kitu kilichoharibika. Katika somo la kubana vichwa vya waya wa mtandao, kila mtu anaweza kupanga nyaya nane kwa rangi akiwa na picha mbele yake: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, na kuendelea. Hilo linapima macho. Kwa hiyo wiki ya mwisho natayarisha waya ambao nyaya mbili zimebadilishana nafasi upande mmoja, naufunga kati ya kompyuta na swichi, yaani kile kifaa kinachounganisha mashine kwenye mtandao, kisha nasema tu kwamba mtandao haufanyi kazi. Aliyekariri hukata vichwa vyote viwili na kuanza upya, na mara nyingi hufanikiwa bila kujua tatizo lilikuwa nini. Aliyefundishwa vizuri huanza na taa za swichi, huuliza kama mashine nyingine zinapata mtandao, ndipo achukue kipima waya, na anapofika kwenye nyaya huwa ameshajua anatafuta nini. Ukikaa pembeni ukatazama watu watano wakifanya kazi hiyo, utamjua mwalimu wao hata kama hujawahi kumwona.

Kuna mfano mwingine wa karibu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mitaani: fundi haulizwi cheti, anapimwa akiwa anafanya kazi, kisha anapewa cheti kulingana na alichoonyesha. Mbona fundi tunamtambua kwa kumtazama, na mkufunzi tunamtambua kwa karatasi iliyojazwa baada ya chakula cha mchana?

Jambo la mwisho, dogo. Mkiingia darasani, hesabuni ni mara ngapi mkufunzi amegusa kibodi ya mwanafunzi. Niliwahi kujihesabu mwenyewe jioni moja. Niliacha nilipofika kumi na saba, na kipindi kilikuwa bado hakijafika katikati.

---

Mratibu wa Jioni (Nzuguni, Dodoma)

Nawashukuru sana. Jana jioni, bila kungoja bodi, niliingia katika darasa la yule dada nikakaa nyuma kama mtu anayesubiri fundi wa projekta. Mikono yake haikuwa nyuma, ila hakuwa ameketi pia. Muuguzi mmoja alikwama kwenye jedwali ambalo jumla yake ilikuwa inatoka sifuri. Mkufunzi alivuta stuli, akaketi chini kidogo kuliko yeye, akasema, "Tuanze na kisanduku kimoja unachokiamini." Walikaa hapo kama dakika saba. Wengine walikuwa wanaendelea, isipokuwa wawili waliokuwa wanaguna, na nadhani watu wa aina hiyo ndio waliolalamika kwenye lile dodoso la mwaka jana. Muuguzi aligundua mwenyewe kwamba tarakimu zake zilikuwa zimeingizwa kama maandishi, kisha akageuka akamwonyesha jirani yake kabla mkufunzi hajasimama.

Nimekaa pia kwa yule kijana wetu wa mwaka jana. Niseme haki: ana kipaji, na watu wanaopenda kuja darasani si jambo la kudharau, maana madarasa ya jioni hufa kwa utoro. Lakini kipanya cha kila mtu kilipita mkononi mwake. Nimezungumza naye kirafiki kuhusu hesabu ya Fundi wa Manyoni. Alicheka, akasema naye atajihesabu.

Pendekezo langu kwa bodi litakuwa hivi: watu wawili wakae katika kila darasa mara mbili bila kutangaza, tuandike kila mwanafunzi alianzia wapi, na wiki ya sita tuwatembelee wachache wa kila mkufunzi mahali wanapofanya kazi na kuwapa kazi moja yenye kasoro ndani yake. Wasiokuwa na mashine tutawaita kituoni siku tatu kabla wajikumbushe, ili hoja ya Fundi isipotee. Dodoso litabaki, kwa maswali ya Mhadhiri. Nina shaka moja tu, kwamba bodi itasema hakuna fedha ya kuwatuma wakaguzi, kwani waliopo ni mimi na mhasibu.

---

Karani wa Masjala (Mtumba)

Ndugu Mratibu, kwa upande wa Mtumba na Ihumwa mnihesabu. Nikitoka kazini naweza kuwapitia watatu au wanne kwa wiki bila gharama, na kwa kuwa ni karani mwenzao hawatadhani nimekuja kuwakagua. Ila hiyo kazi yenye kasoro mnitumie mapema, nijaribu mwenyewe kwanza.

---

Mzee wa Kongwa

Na mimi nipo. Nauli nitajilipia, uzoefu wa kukagua nyumba kwa nyumba ninao. Sharti langu ni kwamba kabla ya siku hiyo yule dada anipokee darasani jioni mbili hivi, kwa sababu ujumbe huu wote ameniandikia mjukuu, nami nimechoka kumwona akininyang'anya simu.